Vyombo vya Kupimia Injini Kuukuu

Hapa Kamina, penye njia panda ya reli, motokaa nyingi ni za zamani. Ya nyumbani kwetu ni ya kabureta, nayo ndiyo hutuletea mahindi kutoka shambani. Ilipopungukiwa nguvu, fundi mmoja alisema injini imekufa, tuiuze kwa chuma chakavu.

Wengi husifu kipimo cha kompyuta. Ni chombo chema, lakini hutaka tundu lake katika motokaa. Marekani iliamuru tundu la namna moja kwa motokaa ndogo zote mpya tangu mwaka 1996. Yetu hainalo. Kwa hiyo nilinunua kwanza kipimo cha mkandamizo, kifungwacho mahali pa buji. Injini ikiwa ya moto, buji zote zikiwa nje, petroli imekanyagwa mpaka mwisho, nilipima.

Kamina i juu ya bahari zaidi ya mita 1,000, na hewa yake ni nyepesi. Basi namba huwa pungufu ya zile za kitabuni. Yafaa kulinganisha silinda kwa silinda. Tatu zilikuwa sawa, ya nne nusu yake. Nikatia humo kijiko cha oili: namba haikupanda. Ingalipanda, ningalishuku ringi. Sasa nilishuku valvu. Kichwa kilipofunguliwa, valvu moja ilikuwa imeungua. Ilibadilishwa, na mahindi yakaletwa.

Fedha ikipatikana, ongeza vibamba vya kupimia nafasi ya platini, kisha taa ya kuonyesha majira ya cheche. Kabla ya kuuza injini, ipime.