Kigari Kikilia Usikinyamazishe

Kuna watu ukiwaambia unakwenda Iringa kwa Vitz wanakutazama kama umesema unakwenda kwa miguu. "Na hako ka bebi woka kako? Itakufia Chalinze hiyo!" Nimeshayasikia hayo ofisini, kwa kinyozi, na siku moja hata msibani. Hoja ni ile ile kila mara: gari dogo likifika spidi 100 injini inapiga kelele, na injini ikipiga kelele maana yake inaumia. Kisha unafuata ushauri, nao ni ule ule: weka gia kubwa, kanyaga taratibu, usiichoshe injini.

Leo nataka kuuzungumzia ushauri huo, kwa sababu naona siku ukifuatwa mahali pasipostahili unaweza kuua watu.

Mimi si fundi. Ni mwandishi wa habari tu ninayeendesha Vitz ya zamani, lile toleo la kwanza lililoanza kutengenezwa mwaka 1999. Injini ni ya cc 997, manyuo, gia tano. Ulaya gari hilo hilo waliliita Yaris na likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka 2000 barani humo. Huku kwetu likaishia kuitwa bebi woka. Ndiyo maisha.

Sasa basi, kelele zinatoka wapi?

Hebu tufanye hesabu kidogo, wala si ngumu. Chukua tairi la 175/65 R14. Likizunguka mara moja, gari linasogea kama mita 1.83. Spidi 100 ni sawa na mita 1,667 kila dakika. Gawanya, utaona tairi linazunguka mara 910 hivi kwa dakika. Kati ya tairi na injini kuna giaboksi na difu. Tuseme difu ni 4.1 na gia ya tano ni 0.8. Ukizidisha unapata 3.28, yaani kila tairi linapozunguka mara moja, injini inazunguka mara tatu na ushee. Kwa hiyo ukiwa spidi 100 kwenye gia ya tano, injini iko kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Rudisha gia ya nne, ambayo tuseme ni 1.0, inapanda hadi 3,700. Gia ya tatu, tuseme 1.3, inafika 4,850.

Kila giaboksi ina namba zake, ila picha ndiyo hiyo. Na angalia jambo moja hapo: mguu wako haumo kwenye hesabu hii. Kama klachi haitelezi, spidi 100 kwenye gia ya tano ni mizunguko 3,000, uwe umekanyaga mafuta kidogo au umekanyaga mpaka chini. Anayekwambia ukanyage taratibu ili injini isizunguke sana huku spidi ikibaki 100 anakuomba jambo lisilowezekana.

Swali zuri zaidi ni hili: kwa nini waliotengeneza gari wasiweke gia ndefu zaidi, injini ya kigari nayo izunguke 2,000 tu kama ile ya gari kubwa?

Fikiria nyumba isiyo na bomba, kuna pipa la kujaza maji. Kaka mtu anabeba ndoo ya lita 20. Mdogo wake anabeba ya lita 10. Mdogo akitaka kujaza pipa kwa muda ule ule, itabidi aende kisimani mara mbili zaidi. Injini ya cc 1,000 ndiyo huyo mdogo. Kila mzunguko inavuta hewa na mafuta nusu ya injini ya cc 2,000, hivyo inabidi izunguke mara nyingi zaidi ili itoe nguvu ile ile. Injini yangu mimi inafikisha karibu nguvu ya farasi 70, lakini inazifikisha kwenye mizunguko 6,000. Kwenye 3,000 inaweza kutoa kama nusu yake tu, hata ukikanyaga mafuta mpaka mguu uguse sakafu.

Je, nusu hiyo inatosha? Kwenye tambarare inatosha na kubaki. Kusukuma hewa na kuzungusha matairi kwa spidi 100, kigari kama hiki chenye watu wanne kinahitaji nguvu ya farasi 16 mpaka 20 hivi. Ndiyo maana kutoka Chalinze kwenda Morogoro unaweza kukaa gia ya tano ukisikiliza redio bila wasiwasi. Hapo wanaosema gia kubwa inaokoa mafuta wako sahihi kabisa, siwabishii.

Sasa ongeza mlima. Barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, na gari pamoja na watu na mizigo likiwa na kilo 1,200, unahitaji farasi wengine zaidi ya 20 ili ubaki spidi ile ile. Jumla inakaribia 40. Kwenye mizunguko 3,000 farasi hao hawapo. Gari linaanza kupungua spidi, mizunguko nayo inapungua, na kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo nguvu inavyozidi kupungua. Umeshawahi kuona kigari kinapanda kilima kinatetemeka, dereva kakanyaga mpaka mwisho, na hakiendi? Hicho kiko gia ya tano. Kikirudishwa ya tatu kitapanda.

Muuza mkaa na baiskeli yake ya Phoenix analijua hili kuliko sisi. Baiskeli yake ina gia moja. Akifika kilimani anashuka na kusukuma, kwa sababu hana namna ya kuipunguza. Wewe umepewa gia tano na unang'ang'ania moja!

"Lakini injini itaisha." Haya, tulijibu na hili. Kinachoenda juu na chini ndani ya injini ni pistoni. Kwenye injini yangu pistoni inasafiri milimita 66.7 kila ikipanda au kushuka. Ile dizeli ya Land Cruiser inayoitwa 1HZ, ambayo kila mtu anaisifu kwa kutokufa, pistoni yake inasafiri milimita 100. Piga hesabu: Vitz ikiwa mizunguko 3,000 na Land Cruiser ikiwa mizunguko 2,000, pistoni zao zinakwenda kasi ile ile, mita 6.7 kwa sekunde. Moja inasikika kama cherehani na nyingine kama mashine ya kusaga, lakini ndani safari ni ile ile. Masikio yetu yanasikia mizunguko, hayasikii pistoni.

Kinachoiumiza injini ni kinyume cha kile tunachokiogopa. Ukiwa gia kubwa, mizunguko michache na mafuta umekanyaga mpaka mwisho, kila mlipuko ndani ya silinda unasukuma kitu kisichotaka kusogea. Injini inagonga, joto linapanda, na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda wa injini inazunguka polepole wakati ule ule maji yanapohitajika zaidi. Halafu gari likichemsha tunasema, "Si nilikwambia kigari hakifai safari!"

Nina mjomba aliyeendesha semi kwenye barabara ya Tunduma kwa miaka mingi kabla ya kupumzika. Siku moja alipanda gari langu, akanisikiliza ninavyobadilisha gia, akacheka. "Mpwa, mzigo mzito unabebwa kwa hatua fupi. Wewe huoni wapagazi?" Sikuhitaji maelezo mengine.

Lakini nilisema kuhusu watu kufa, na sijafika huko. Twende.

Kwenye kazi yetu hii, taarifa za ajali zina sentensi moja iliyozoeleka: chanzo ni mwendo kasi na dereva kutaka kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Mara nyingi ni kweli. Ila sijawahi kuona taarifa inayouliza dereva alikuwa gia ya ngapi. Nadhani tungepaswa kuuliza.

Uko nyuma ya lori la mita 18 linalokwenda spidi 60. Ili ulipite na kurudi upande wako kwa usalama, ukihesabu na nafasi ya mbele na ya nyuma, inabidi uliache kwa mita 60 hivi. Ukiwa gia ya tano kwenye spidi hiyo, injini iko chini ya mizunguko 1,800. Imelala. Unakanyaga, haiamki. Tuseme kwa wastani unalizidi lori kwa spidi 10 tu. Utakaa upande usio wako karibu sekunde 22. Katika muda huo wewe utakwenda mita 420, na basi linalokuja mbele kwa spidi 100 litakuja mita 600. Unahitaji zaidi ya kilomita nzima iliyo wazi. Nani anaona kilomita nzima kwenye barabara zetu za njia mbili, zenye vilima na kona?

Sasa rudisha gia ya tatu kabla hujatoka nyuma ya lori. Mizunguko inapanda hadi 2,900, na msukumo kwenye matairi ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa gia ya tano. Kigari kinalia, ndiyo. Ukilizidi lori kwa wastani wa spidi 20, sekunde zinashuka hadi 11, wewe unatembea mita 240 na basi mita 300. Umeikata kilomita karibu nusu. Gari ni lile lile, injini ile ile, dereva yule yule. Kilichobadilika ni mkono kusogea kidogo.

Na kama hata mita hizo 540 huzioni, kaa nyuma ya lori. Iringa haihami.

Wenye otomatiki msidhani hayawahusu. Otomatiki nyingi za gia nne zina kitufe cha O/D pembeni ya gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na wengi wanaiogopa wakidhani gari lina ubovu. Maana yake ni kwamba gia ya nne imefungiwa, gari litabaki ya tatu. Ndicho kitufe cha mlimani na cha kulipita lori. Zile zenye CVT, kama Honda Fit tangu toleo la kwanza la mwaka 2001, hazina ngazi za gia kabisa. Ukikanyaga, injini inaruka juu na kubaki huko ikilia wakati spidi inapanda taratibu. Watu wanazipeleka kwa fundi wakidhani giaboksi inateleza, kumbe ndivyo zilivyotengenezwa: zinaitafutia injini mizunguko yenye nguvu na kuishikilia hapo.

Jambo la mwisho ni mteremko. Kuna madereva wakifika kilele cha mlima wanatoa gia, gari liserereke bure, eti wanaokoa wese. Kwenye injini za EFI ni hasara tupu. Ukiwa ndani ya gia na ukaachia mafuta, kompyuta ya gari inayakata kabisa, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inarudi kujitegemea na inaendelea kunywa. Zaidi ya hapo unabaki na breki peke yake. Breki zinapata moto, na breki zikishapata moto sana pedeli inakuwa haina mtu nyumbani. Madereva wa malori wana kanuni yao ya zamani: mlima ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Ila kwa malori ya kisasa huenda ukahitaji gia ndogo zaidi ya hiyo.

Mwisho wa mwezi huu nakwenda Iringa kusalimia wazee, na kurudi ni kwa kuteremka Kitonga. Kama utakuwa nyuma yangu kwenye zile kona na ukasikia kigari cheupe kinalia kwa sauti nyembamba bila taa za breki kuwaka muda wote, usinionee huruma na usinipigie honi. Niko gia ya pili, nimetulia.