USIZIME UKUTANI



Jumamosi nikiwa Kitale nilihitaji mahubiri niliyoyaacha kwenye kompyuta ya kanisa. Ilikuwa imezimwa. Kijana wetu wa mitambo akasema, "Usijali, Pasta, naiamsha kwa mtandao."

Akanieleza: kompyuta hiyo ikizimwa, kadi yake ya mtandao hubaki na stima kidogo, ikisikiliza. Ujumbe wa kuiamsha hubeba anwani yake yenyewe, imerudiwa mara 16. Ikisikia inaitwa, inawaka.

Haikuwaka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezima soketi ukutani, nikiogopa bili.

Nikanyamaza. Maana tangu tumzike mama, nimewahubiria kila Jumapili, lakini nyumbani siombi. Huko pia nilizima ukutani.

Mpendwa, Samweli alikuwa amelala Mungu alipomwita. Aliitwa kwa jina lake, tena na tena, naye akasikia. Kuchoka si dhambi. Umechoka? Lala. Lakini usizime ukutani. Acha ile stima kidogo ya kusikia.

Leo alfajiri nimepiga magoti, dakika tano tu. Niombee, nami nakuombea.

Amina.