Pikapu ya Mshua, Injini ya Moto na Video Ambayo Sijaiposti

Wadau wangu, leo sina ubuyu wa staa. Najua mmezoea nikija hapa ni kusema nani kaachana na nani, au nani kachukua gari kwa mkopo halafu anatuambia kalipa keshi. Leo gari ninalotaka kuliongelea ni la kwetu, Tabata, na kwenye hii stori anayestahili kusemwa ni mimi. Majina sitaji, kama kawaida yetu.

Mshua alikuwa na Toyota Hilux nyeupe, kebini moja, ya miaka ya tisini, injini ya dizeli aina ya 3L. Wanaojua magari wamenielewa. Cc 2,779, haina tabo, farasi wake hata mia hawafiki. Mlima kidogo tu unashuka gia. Ila ilikuwa inabeba mpaka unaionea huruma: simenti, mbao, mabati, siku nyingine msiba mzima umepanda nyuma na majamvi yake. Ile pikapu ndiyo ilinilipia ada mpaka nikamaliza form four. Bro wangu ndiyo alijifunzia kuendesha, jioni, kwenye kiwanja cha shule, kakalia blanketi lililokunjwa ili aone mbele.

Mshua alifariki 2021. Pikapu ikabaki kwa bro, kwa makubaliano kwamba kila jioni ataleta chochote kwa maza. Na alileta. Karibu mwaka mzima alileta.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa 2018 bro alinionyesha video ya yule Mmarekani, marehemu Ken Block. Kama hujawahi kumwona, huyu jamaa alikuwa dereva wa rali, lakini dunia ilimjua kwa video za Gymkhana: anachezesha gari mitaani, tairi zinatoa moshi, anapita sentimita chache kutoka kwenye ukuta. Kwenye Gymkhana Ten ndiyo akatoka na pikapu inaitwa Hoonitruck. Kwa macho ni Ford F-150 ya 1977, pikapu ya kizee kabisa. Ndani kuna farasi 914.

Kilichotuchanganya ni injini yenyewe. Pikapu kama ile ya Kimarekani ukiambiwa ina nguvu za ajabu, akili inakimbilia V8 kubwa linalonguruma. Yeye hapana. Aliweka V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili, ukoo mmoja na injini ya Ford GT, ile gari ya mashindano. Na nguvu ikapelekwa tairi zote nne. Manifoldi ya kuingizia hewa ilichapishwa kwa printa ya chuma, karibu kilo sita za aluminiamu, kazi ya siku tano. Mwaka uliofuata akaipandisha ile pikapu Mlima Tianmen kule China, barabara yenye kona 99. Tuliiangalia kitandani mpaka bando likaisha.

Kuna kitu kingine ambacho bro alikisoma na hakikumtoka kichwani. Ken Block alichagua F-150 kwa sababu alijifunza kuendesha kwenye pikapu ya F-150 ya baba yake.

Mnaona mambo yanapoelekea.

Mshua alipoondoka, bro akawa na wimbo mmoja tu: "Na mimi ya mshua nitaifufua." Mimi nilidhani ni maneno ya msiba. Kumbe jamaa anaweka akiba. Katikati ya 2022 akaja na injini ya 1JZ-GTE, imetoka kwenye Toyota iliyokatwa nusu huko Japani. Sita kwenye mstari, lita 2.5, tabo, farasi 280 ikitoka kiwandani. Zaidi ya mara tatu ya ile aliyoiacha mshua. Ilikula zaidi ya milioni tano, na sehemu ya hiyo hela ilikuwa ya kikoba cha maza. Hilo nililijua baadaye.

Kazi ilifanyika gereji alikokuwa anashinda, mimi nikiwa pembeni na simu. Ngoja niwaambie, kubadili injini siyo kama mnavyoona kwenye video ya dakika moja. JZ ni ndefu, hivyo rejeta ilibidi isogezwe mbele. Maunti za injini zilikatwa na kuchomelewa upya. Sampu ya oili ilikuwa inagonga, nayo ikakatwa. Tangi la dizeli likaoshwa na kuwekewa pampu ya petroli. Gia boksi ikaja pamoja na injini, ikawa otomatiki, propela shafti ikafupishwa. Fundi umeme alikaa wiki mbili na nyaya, anatukana kimyakimya. Mwisho wakaishusha nyuma, ikalala chini kama inanyata.

Ile 3L ya mshua, watu wa chuma chakavu walikuja kuiulizia mara mbili. Maza akagoma. Akaifunika na turubai, akaiweka chini ya mwembe pale nyumbani, juu ya tofali. Bro akamwambia, "Mama, hicho chuma tu." Maza akamjibu, "Na mimi ninakitaka hivyohivyo, chuma tu."

Siku ilipowaka, aisee, nilitokwa na machozi, sidanganyi. Ule mlio! Mtaa mzima ulitoka nje. Nikachukua klipu ya sekunde kumi na tisa, pikapu nyeupe ya kubebea simenti inaondoka na tairi za nyuma zinaandika nane kwenye lami. Nikaiposti. Kufika asubuhi nina wafuasi wapya kuliko niliokuwa nimepata mwaka mzima. Watu wanaandika "noma sana", "bonge la chuma", "rudia". Na mimi nikawa namwambia bro hivyohivyo. Rudia. Piga tena. Hiyo haijaonekana vizuri, piga tena.

Hapo ndipo nilipo mimi kwenye stori hii. Bro alikuwa na kilio chake cha baba. Mimi nilikuwa na simu.

Kazi ya mzigo ikafa taratibu. Petroli ilikuwa inanywewa kama uji. Nyuma imeshushwa, ukipakia mifuko ishirini tairi zinakula bodi. Wateja wa mshua wakaanza kuita kirikuu, na ukishazoea kirikuu, inakuja haraka, bei chee, nani atakukumbuka? Jioni bro akawa anaingia mikono mitupu. Maza hakusema kitu. Aliongeza sufuria moja ya maandazi asubuhi, basi.

Kuna fundi mmoja mzee, Gerezani, alimfahamu mshua toka zamani. Tulipeleka pikapu kwake aangalie tabo. Akazunguka, akapiga magoti, akachungulia chini. Bro akamuwashia, akamzungushia barabarani kidogo, akarudi anacheka. Yule mzee akafuta mikono na kitambaa, akasema: "Umenionyesha inavyokimbia. Sijaona inavyosimama." Bro akajibu, "Breki zipo, mzee." Mzee akasema, "Breki za nani?" Sisi tukacheka, tukaondoka. Nikamrekodi hata yeye, nikataka kumfanya kichekesho.

Sasa Kigamboni.

Usiku wa Jumamosi, tumevuka daraja, tumetafuta kipande kilichonyooka. Nyuma hakuna mzigo. Mimi niko kiti cha abiria, simu mkononi. Nikamwambia bro, "Hii ya leo iwe moja tu lakini ya maana." Akakanyaga. Sikuangalia spidi, nilikuwa naangalia kama mlio unaingia vizuri kwenye simu.

Bodaboda ikatokea kushoto, kwenye kinjia cha mchanga. Ina abiria. Bro akashika breki.

Nilichotegemea ni gari kusimama, au likatae tu kusimama. Hakikutokea hata kimoja. Nyuma ndiko kulikofunga. Tairi za nyuma ziliacha kuzunguka zote mbili, na ile nyuma nyepesi ikataka kutangulia mbele. Tukazunguka. Niliona taa za bodaboda zinapita dirishani kwangu, kisha giza, kisha taa tena. Tukasimama kwenye mchanga, tunaangalia tulikotoka.

Bodaboda ilikuwa imelala. Dereva kachubuka goti na kiwiko. Abiria ni mama wa makamo, amekaa chini, ndoo yake ya dagaa imemwagika. Hakuna aliyevunjika, Mungu ni mkubwa. Bro alikuwa anatetemeka mpaka hawezi kufungua mlango. Yule mama alituangalia, hakutukana. Akauliza tu, "Wanangu, mlikuwa mnawahi wapi usiku huu?"

Wadau, nimejibu komenti za matusi hapa miaka minne. Sijawahi kukosa la kusema kama siku ile. Tulikuwa hatuwahi popote.

Tulimlipa dagaa wake, tukampeleka yule dereva kufunga kidonda. Jumatatu tukarudi Gerezani, safari hii bila kucheka. Yule mzee akaingia chini ya gari, akamwita bro, akamwonyesha kidude kidogo karibu na difu, kina mkono wa chuma. Naomba nikieleze, maana pikapu nyingi hapa mjini zinacho na wenyewe hawajui.

Hilux ya aina ile mbele ina breki za diski, nyuma za dramu. Pikapu ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi, ukishika breki kwa nguvu tairi za nyuma zitafunga. Kwa hiyo Toyota wakaweka valvu inayosoma mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma inakaa juu, valvu inapunguza breki za nyuma. Ukipakia, nyuma inashuka, ule mkono unasogea, valvu inasema sawa, sasa kuna uzito, inafungulia breki zaidi. Ni akili rahisi kabisa.

Sisi tuliishusha nyuma ili ipendeze kwenye picha. Ile valvu ikaona nyuma imeshuka, ikaamini kuna mzigo. Kila siku ilikuwa inaamini tumebeba simenti. Tukaikanyagia breki tukiwa watupu, ikatoa breki ya tani nzima. Mzee akasema, "Gari halijakosea. Mmelidanganya, nalo likawaamini."

Akaongeza hesabu moja. Ukizidisha spidi mara mbili, nguvu unayotakiwa kuiua ili usimame inazidi mara nne. Toka 60 kwenda 120 siyo mara mbili ya shida, ni mara nne. Na breki zilikuwa zilezile alizoacha mshua, za gari la farasi wasiofika mia.

Usiku ule nikarudi kwenye video za Hoonitruck. Safari hii sikuangalia moshi. Nikaangalia chini. Ule mwili wa 1977 ni kama shati tu. Chini yake fremu imejengwa upya na Detroit Speed, kampuni inayojua hiyo kazi, na kila kitu kimepangwa kubeba wale farasi 914. Sisi tuliona shati na tukaona injini. Katikati hatukuona kitu, kwa sababu katikati hakuna laiki.

Ken Block mwenyewe alifariki tarehe 2 Januari 2023, ajali ya pikipiki ya theluji huko Utah, ana miaka 55. Bro aliipata habari akiwa gereji. Alikuja nyumbani, akakaa chini ya mwembe karibu na lile turubai mpaka usiku. Maza akampelekea chai. Sijui waliongea nini.

JZ iliuzwa, kwa hasara. Hela ya kikoba ikarudi, siyo yote kwa mara moja. Ile 3L ikateremshwa kwenye tofali zake, ikabadilishwa mihuri ya oili na gasketi, springi za nyuma zikarudishwa juu. Siku ya kuwasha ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi, halafu ikashika, tukutuku yake ileile. Maza alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani.

Sasa hivi inabeba simenti. Wateja wengine wamerudi, wengine hawajarudi na hawatarudi. Ukiipita barabarani utapiga honi na kutusonya, tunajua, haikimbii.

Ndoto ya bro haijafa, msije mkadhani. Juzi nimemkuta anasukuma boksi chini ya kitanda. Nikamuuliza kuna nini. Kafungua: diski za breki, seti ya mbele na nyuma, mpya, zimepakwa oili zisishike kutu. Injini hana, na hela ya injini hana. Kaanzia hapo.

Ile video ya Kigamboni bado ninayo. Sauti imeingia vizuri kabisa, mpaka ya yule mama. Najua nikiiposti ingekimbia kuliko zote. Siiposti. Naiangalia mwenyewe nikiona kijana yeyote kashika simu anamwambia mwenzake apige tena.

Kama una pikapu na umeishusha nyuma, kesho asubuhi ingia chini, tafuta ule mkono wa chuma. Halafu uje uniambie hapo chini umeukuta umekaaje.