Udongo Nisioruhusiwa Kuukanyaga

Tokyo iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa sita. Pambano la mwisho la siku, ambalo kule hupigwa inapokaribia saa kumi na mbili jioni, mimi hulitazama kabla kidogo ya saa sita mchana, wenzangu wa shahada ya uzamili wakiwa kwenye foleni ya chakula. Mara sita kwa mwaka, katika kila mwezi wenye namba witiri, kwa siku 15 mfululizo, nahakikisha simu ina chaji na bando halijaisha. Januari, Mei na Septemba mashindano huwa Tokyo. Machi huwa Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Wenzangu wana Simba na Yanga. Mimi nina sumo.

Nikilisema hilo mbele ya watu, hucheka mara mbili. Kicheko cha kwanza ni cha sumo yenyewe: wanaume wanene, nusu uchi, wanasukumana. Kicheko cha pili huja baada ya macho yao kunipima kutoka juu hadi chini. Hicho nakifahamu vizuri. Kinasema, aa, kumbe ndiyo maana.

Ndiyo, ndiyo maana.

Mimi ni bonge tangu darasa la tatu. Shuleni nilikaa golini kila kipindi cha michezo, kwa maelezo kwamba nitaziba. Konda wa daladala aliwahi kunitaka nilipe nauli ya watu wawili. Abiria wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu ndivyo bonge anavyotarajiwa kufanya. Shangazi zangu wana swali moja lenye vipande viwili: utaolewa lini, na wali wa usiku umeacha? Hakuna kati yao anayenichukia. Ila mwili wangu umekuwa jambo la mjadala wa hadhara, kama bajeti ya serikali.

Sumo niliiona kwa mara ya kwanza Machi 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nyumbani Morogoro, mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiye na cha kufanya. NHK, shirika la utangazaji la Japani ambalo babu alilijua kwa matangazo yake ya redio ya Kiswahili, lilikuwa likionyesha kwenye intaneti muhtasari wa mashindano ya Osaka. Mwezi huo ukumbi ulikuwa mtupu. Watazamaji walizuiwa kuingia. Kwa hiyo badala ya makelele nilisikia vitu vyenyewe: nyayo zikikwaruza udongo, viganja vikipiga mapaja, kisha kishindo cha miili miwili ikigongana, kama gunia la mahindi likidondoshwa kutoka kwenye lori.

Mieleka niliyoijua ilikuwa ya Marekani, ile ya kina John Cena, ya kurushana juu ya kamba na kupigana viti. Hii ilikuwa kitu kingine. Ulingo ni duara la udongo ulioshindiliwa, lenye kipenyo cha mita 4.55, limezungushiwa marobota membamba ya majani ya mpunga yaliyofukiwa nusu. Ukitoka nje ya duara, au ukigusa chini kwa kiungo chochote kisicho wayo, umeshindwa. Hakuna madaraja ya uzito, na mapambano mengi huisha ndani ya sekunde chache. Wala hakuna kipenga cha kuanzia. Wawili wanachuchumaa, wanatazamana, na pambano linaanza pale wote wawili wanapokuwa wameweka mikono chini. Lazima wavute pumzi pamoja. Mahasimu wanakubaliana kimyakimya ni lini waanze kuumizana.

Lakini kilichonishika ni miili. Watu wa kilo 150 na zaidi walinyanyua mguu mmoja kando, juu kabisa, wakabaki wima juu ya mguu wa pili bila kutikisika, kisha wakaushusha kwa kishindo. Niliwaona wakigeuka kwenye ukingo wa majani, mahali pasipotosha hata wayo mzima, na kumwacha mpinzani apite akiangukia nje. Mtangazaji hakuutaja unene kwa dhihaka. Aliutaja kama seremala anavyotaja mbao: uzito uko wapi, uko chini kiasi gani, unaelekea upande gani. Nilikuwa na miaka 20 na sikuwa nimewahi kusikia mwili mkubwa ukizungumziwa kwa heshima ya namna hiyo. Jioni ile niliosha vyombo nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Sitaki kupamba. Nasoma afya ya jamii. Chati za uzito nazifahamu, na najua unene wa kupindukia una bei yake. Terunofuji, mzaliwa wa Mongolia niliyempenda kuliko wote, alipanda mwaka 2015 hadi ozeki, cheo cha pili kutoka juu. Kisha magoti yakaharibika, kisukari kikamwingia, akaporomoka hadi daraja la pili kutoka chini, ambako mwanamieleka hapati mshahara na vijana wadogo ndio wapinzani wake. Alianza tena huko Machi 2019. Julai 2020 alikuwa amerudi daraja la juu, na akatwaa ubingwa. Mwaka mmoja baadaye akawa yokozuna wa 73, cheo kisicho na kingine juu yake. Nilimfuatilia kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikijifunza kwamba mwili unaweza kukuangusha na bado ukabaki ndio chombo pekee cha kukuinua.

Kwa miezi kadhaa niliishi hivyo, nikiwa na furaha. Hata nilimpata ndugu: Osunaarashi, Mmisri, Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa, Mwislamu aliyefunga Ramadhani huku mashindano yakiendelea. Alikuwa ameshastaafu nilipomfahamu, lakini nilitazama mapambano yake ya zamani moja baada ya jingine. Nikajiambia, kumbe udongo ule una nafasi ya bara letu.

Kisha nikaifahamu kanuni. Mwanamke haruhusiwi kuukanyaga ulingo wa sumo ya kulipwa. Si kupigana tu, kuukanyaga. Mwaka 2000 Fusae Ota, gavana wa Osaka na mwanamke wa kwanza kuwa gavana nchini Japani, aliomba kupanda ili amkabidhi bingwa tuzo ya mkoa wake. Alikataliwa. Tarehe 4 Aprili 2018, katika mji wa Maizuru, meya alikuwa akihutubia juu ya ulingo akaanguka ghafla. Damu ilikuwa imevuja kichwani. Wanawake walipanda mbio kutoka kwenye hadhira, akiwamo muuguzi, wakaanza kumkandamiza kifua. Kipaza sauti kikatangaza, zaidi ya mara moja, kwamba wanawake washuke ulingoni.

Meya alipona. Mwenyekiti wa Chama cha Sumo aliomba radhi, akasema tangazo lile halikufaa pale ambapo maisha ya mtu yalikuwa hatarini. Kanuni yenyewe ilibaki.

Mama yangu ni muuguzi mstaafu. Nilimwonyesha ile video jikoni, akiwa anachambua mchele. Aliitazama mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akaniuliza, "Wanashushwa kwa sababu gani?"

"Ni mila yao, Mama. Ulingo ni mahali patakatifu."

"Mgonjwa alikuwa amelala wapi?"

"Hapohapo ulingoni."

Akarudia kuchambua mchele. Baadaye, kama mtu anayeendelea na mazungumzo mengine, akasema, "Mimi nisingeshuka. Wangenishusha pamoja na mgonjwa wangu."

Machi 2021 Hibikiryu, kijana wa madaraja ya chini mwenye miaka 28, aliangukia kichwa. Alilala kifudifudi kwa dakika kadhaa kabla ya kushughulikiwa. Alifariki hospitalini mwezi uliofuata, na chama kikalaumiwa vikali kwa jinsi msaada ulivyochelewa. Video hiyo sikumwonyesha Mama.

Siwezi kujifanya sielewi lugha ya utakatifu. Najua kwamba kabla ya kila mashindano hufanyika ibada, na kwamba chumvi, mchele, ngisi mkavu na vitu vingine hufukiwa katikati ya ulingo. Nami nimekulia kwenye nyumba ambayo firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Hata siku ambayo baba amesafiri, firigisi iliwekwa kwenye kisahani na kufunikwa, na aliyemchinjisha kuku, kumnyonyoa na kumpika alikuwa mimi. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Mila haielezwi, hupakuliwa. Kwa hiyo ninaposoma Wajapani wakiitetea kanuni ya ulingo, sisikii watu wa ajabu kutoka mbali. Nasikia meza ya kwetu.

Na ndiyo maana nakataa pia kuambiwa kwamba jambo hili halinihusu. Japani kwenyewe si wamoja. Katika karne ya 18 kulikuwa na maonyesho ya sumo ya wanawake mijini. Leo wanawake wanashindana katika sumo ya ridhaa, na tangu 2001 wana mashindano yao ya dunia. Hiyori Kon, ambaye BBC ilimweka kwenye orodha yake ya wanawake 100 wa mwaka 2019, amecheza sumo tangu utotoni na kusema wazi kwamba anataka kanuni ibadilike. Mvulana aliyefanya mazoezi pamoja na msichana kama yeye, akimaliza chuo, anaweza kwenda kulipwa. Msichana barabara yake inaishia hapo. Oktoba 2025 Japani ilipata waziri mkuu wa kwanza mwanamke, Sanae Takaichi. Kombe la Waziri Mkuu hukabidhiwa bingwa juu ya ulingo.

Wenzangu wa chuo huniuliza kwa nini basi siachi kutazama. Ni swali la haki, na jibu langu halinyooki. Mchezo ule ndio ulionipa, kwa mara ya kwanza, maneno ya kuuelezea mwili wangu yasiyokuwa matusi wala ushauri. Siwezi kuyarudisha kwa sababu aliyenipa hakujua ananipa mimi. Tena mshabiki wa mbali hana hata cha kugomea. Sinunui tiketi, sipigi kura, jina langu halijulikani na yeyote katika ukumbi wa Kokugikan. Nilicho nacho ni macho, na nimeamua kuona vyote viwili, mguu unaonyanyuliwa na mlango uliofungwa.

Mama naye aliingia mchezoni kwa mlango wake. Jumamosi moja ya Machi 2024 nilikuwa nimekwenda Morogoro, tukamtazama Takerufuji, kijana aliyekuwa kwenye mashindano yake ya kwanza kabisa ya daraja la juu, akiongoza wote. Siku hiyo ya 14 alipoteza, akaumia kifundo cha mguu, akatolewa kwa kiti cha magurudumu. Mama alisogea karibu na simu. "Huyo kesho hapigani," alisema, kwa sauti ya wodini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulirudi kutoka misa ya kwanza, tukakaa sebuleni na matawi yetu mezani. Takerufuji alipanda ulingoni mguu ukiwa umefungwa bandeji. Mama alikuwa anamkaripia, "Rudi kitandani, wewe mtoto," na alipomsukuma mpinzani wake akaanguka na kuwa bingwa, mgeni wa kwanza kutwaa ubingwa tangu 1914, Mama alikuwa amesimama, anapiga makofi, bado anamkaripia.

Kisha akanigeukia. "Hebu nionyeshe. Wanaanzaje?"

Tukaisogeza meza. Nikamwonyesha namna ya kuchuchumaa, magoti yakitazama nje, mgongo umenyooka. Alilalamikia goti la kushoto, akakunja kitenge chake, akashuka. Ngumi zetu nne zilikuwa kwenye saruji. Nikamwambia hakuna wa kutuanzisha, tusubiri pumzi. Tukasubiri. Aliniangalia machoni kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuangaliwa na Mama, na sekunde mbili baadaye nilikuwa nimebanwa kwenye kabati la vyombo, vikombe vinagongana ndani.