Daraja la gitaa letu

Leo hatuandiki juu ya mkutano wala semina. Tunaandika juu ya daraja, si lile la barabarani, ni kale kachuma kanakobeba nyuzi za gitaa. Kametugombanisha karibu mwezi mzima.

Tuna gitaa moja la umeme. Tulilinunua likiwa limeshatumika, umbo lake ni la Jazzmaster: kiuno kimepinda, upande mmoja umetangulia mwingine. Jazzmaster ya Fender ilitoka mwaka 1958, na Nakivale nayo ilianzishwa 1958, kwa hiyo tunapenda kusema hao wawili ni marika. Letu ni kopi tu, halina jina kichwani, lakini ugonjwa wake ni uleule wa mzee mwenyewe.

Ugonjwa ulionekana mbele ya watu. Harusi huko Rubondo, seben imeanza, watu wamesimama, uzi ukaruka kutoka kwenye mfereji wake. Mpiga solo wetu akaurudisha kwa kidole. Ukaruka tena. Wenye harusi wakaweka muziki wa simu, na pesa tuliyoahidiwa ikakatwa nusu. Njiani lawama zote zikawa juu yake. Ni dada peke yake kwenye kundi, na maneno yalikuwa makali: eti anapiga kama anatwanga sombe. Wiki mbili hakuja mazoezini.

Kwenye boksi kulikuwa na shilingi 240,000, za kuchaji watu simu na kusuka nywele. Siku hizi posho imepungua, wengine wetu hawapati kabisa, kwa hiyo mnaelewa hiyo ni pesa gani. Kuna waliosema tugawane yaishe. Wengine wakasema hapana, tununue daraja jipya. Lakini daraja gani? Hakuna aliyejua.

Wawili wetu wakapanda taksi mpaka Mbarara na gitaa limefungwa kwenye kitenge. Duka moja lilikuwa na daraja moja tu, aina ya Tune-o-matic, ile ya magitaa ya Gibson. Shilingi 70,000. Miguu yake haikuingia kwenye mashimo yetu. Fundi akasema si shida, natoboa mengine leo leo. Tulikuwa tayari kukubali. Halafu mmoja akasema, tumpigie kwanza mwenye kulipiga. Dada akatusikiliza, akasema: "Msitoboe. Rudini nalo."

Kumbe zile wiki mbili hakukaa bure. Alikuwa anasoma kwenye simu usiku, bando likiwa rahisi. Akatuonyesha. Daraja la gitaa hili halikufungwa kwenye mbao. Limesimama kwa miguu miwili ndani ya vikombe vya chuma, na linayumba makusudi, ili ukibonyeza ule mkono wa kutetemesha sauti, daraja lifuate nyuzi kisha lirudi. Kila kikalio cha uzi ni kama skrubu iliyolazwa, kina vijifereji vingi vya juujuu. Na mkia uko mbali nyuma, kwa hiyo nyuzi zinapita karibu bapa, hazikandamizi chini. Mwaka 1958 watu walifunga nyuzi nene, zikatulia. Sisi tulifunga namba 9, nyembamba kabisa. Hata angepiga kwa unyoya zingeruka.

Tulimwomba msamaha. Hakujibu kitu, alisema tu leteni bisibisi.

Tulianza na vya bei ndogo. Nyuzi namba 11, shilingi 35,000. Kipande cha kadi ya plastiki chini ya kitako cha shingo, upande wa ndani, shingo ikalala nyuma kidogo, daraja likapanda, na nyuzi zikaanza kukandamiza. Hapo nusu ya kuruka ikaisha. Nusu ikabaki.

Sasa daraja lenyewe. Lipo la Kimarekani linaitwa Mastery, linasifiwa sana, lakini linapita dola 150 kabla ya usafiri. Hilo tulilitazama kama mtu anavyotazama gari. Tukachagua la aina ya Mustang: kila kikalio kina mfereji mmoja tu, wa kina, na miguu yake inaingia kwenye vikombe vilevile. Ubaya wake, vikalio havipandi kimoja kimoja, kwa hiyo mviringo wa daraja lazima ulingane na mviringo wa shingo. Tulipima hivi: funga kalamu kwenye uzi, chora duara kwenye kadi ngumu, kata, weka juu ya shingo uone kama mwanga unapita. Kadi ya sentimita 18 na nusu iliacha mwanga. Ya 30, ambayo ni karibu na ile Tune-o-matic ya dukani, iliacha zaidi. Ya 24 ikakaa kimya kabisa. Tukaagiza Kampala daraja la mviringo huo, 115,000 mpaka mkononi.

Lilipofika lilikuwa linachezacheza, tukazungushia miguu utepe wa plastiki kidogo. Jumapili iliyofuata dada alipiga ibada nzima bila kuangalia mkono wake wa kulia. Mzee mmoja wa kwaya alilalamika kwamba sasa gitaa lina kelele. Sawa tu.

Zile kadi tatu tumezitunza kwenye boksi pale Base Camp. Kama una gitaa la kiuno kilichopinda, njoo nalo upime kabla hujaenda Mbarara. Muulize dada, sisi wengine bado tunachanganya namba.