Namba Iliyosingiziwa Utasa

Sisi tusomeshao Kiswahili hapa Kampala hupenda kuazima vitabu vya hesabu vya Tanzania, kwa kuwa istilahi zake zina ladha: namba shufwa, namba witiri, namba tasa. Jioni moja tulieleza kuwa namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwanafunzi akauliza maana ya tasa. Tukajibu kwa haraka, kwa Kiganda, "mugumba". Darasa likacheka. Mama mmoja hakucheka. Tulizijua habari za nyumbani kwake, nasi tukaona haya. Istilahi yenyewe hatuilaumu. Lililotuponyoka ni ulimi.

Kwa kutaka kurekebisha, tukaandika ubaoni 147,573,952,589,676,412,927. (Kuisoma kwa maneno kulitushinda, sisi walimu wa lugha!) Chukua mbili mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe moja. Ni witiri, jumla ya tarakimu zake ni 109, basi haigawanyiki kwa tatu. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliihesabu miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa si tasa, ila vigawo vyake hakuvipata. Ndipo mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavitaja viwili: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Mama yule alivinakili polepole.

"Mwalimu, miaka hiyo yote ya kwanza, iliitwaje?"

"Tasa," tukajibu.