Sufuria ya Akina Mama wa Umoja

Ile sufuria kubwa uliyoilalamikia juzi kwenye harusi, mjukuu wangu, ukasema ni nzito, imeungua, ina kiraka, na kwa nini parokia isinunue nyingine, mimi naijua tangu siku ilipotoka soko la Kadutu ikimeremeta. Ilikuwa mwaka 1993, katikati ya mvua za Machi. Tuliipandisha mlima watu wawili, mimi nimeshika sikio moja, mke wa mwimbishaji wetu ameshika la pili, matope yametufika vifundoni, na bibi zako wa Umoja wa Akina Mama wametangulia wakiimba. Bei yake ilikuwa dola 22. Muuzaji, mtu mnene mwenye kovu juu ya jicho, hakutaka hata kuona noti za zaire, na sikumlaumu. Wakati ule kulikuwa na noti moja iliyoandikwa milioni tano, ukienda nayo butiki unarudi na sabuni na kibiriti. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa parokia, na mwalimu wa shule ya msingi ambaye serikali ilikuwa imemsahau, naishi kwa kile kidogo ambacho wazazi wa wanafunzi walichangishana. Kuhesabu pesa nilikujua vizuri. Kuwa nazo ndilo lilikuwa jambo jingine.

Ujue kwanza tulikuwa watu wa namna gani. Waanglikana wa Bukavu hatukuwa wengi. Mji huu ni wa Wakatoliki tangu siku za Wabelgiji, na ukitaja kanisa letu jirani alikuuliza kama ni la Waingereza. Tulichoka kueleza kwamba aliyetuletea hakuwa Mwingereza bali Muganda, Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka 1896, akapigwa, akafukuzwa, akarudi, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1933. Wazee walisimulia kwamba aliomba azikwe ameelekezwa magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ilikuwa bado huko. Waliotoka kaskazini kuja kutafuta kazi huku walikuja na Kitabu cha Sala ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo, na sala zikaanzia nyumbani kwa watu kabla hatujapata ukuta wala paa. Mwaka 1976 Bukavu ikawa dayosisi, na askofu wetu wa kwanza, Ndahura, ndiye aliyekuwa askofu mkuu wa kwanza mwaka 1980, wakati Burundi, Rwanda na Zaire zilipofanywa jimbo moja la kanisa. Likumbuke hilo. Mpaka mwaka 1992, tulipopewa jimbo letu wenyewe, Mwanglikana wa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, alikuwa wa nyumba moja nasi kabisa, na tulikuwa tukivuka daraja kwenda kuimba kwao Cyangugu, nao wakija kuimba kwetu.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mbao na udongo, bati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka kama kisigino. Lilikuwa na harufu yake ambayo hata leo ningeitambua nikiwa nimefumba macho: vazi la chorali lililokaushwa ndani siku za mvua, nta ya mshumaa, mafuta ya mawese kwenye nywele za watoto, na ziwa, kwa sababu upepo ukigeuka ulituletea harufu ya sambaza zilizoanikwa. Juu ya meza sakristini kulikaa rejista ya ubatizo, kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa cheusi. Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, mchungaji wa wakati ule aliandika jina la asili kwa wino na jina la ubatizo kwa penseli pembeni, kusudi mkaguzi akija lifutike upesi. Hakuna aliyekuja, na penseli ile bado inasomeka. Mimi mwenyewe nimo humo kwa penseli.

Sadaka ya siku ya Mungu ilikuwa inajaza kikapu na isitoshe kununua divai. Oktoba 1993 walileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na ilipoanza noti tatu tu zilikuwa dola moja. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata zikawa kwa maelfu. Basi watu waliacha kuleta karatasi. Walileta mihogo, mkungu wa ndizi, maharagwe ndani ya kikombe, yai moja limefungwa kwenye jani, chupa ya mashanza, yaani maziwa ya mgando. Baada ya ibada tulitoka uani na mzee mmoja wa kanisa, kinyozi wa Nyamugo mwenye sauti ya radi, akainua kila kitu na kukinadi. Nimeona boga likinunuliwa mara nne asubuhi moja: mtu analinunua, anamzawadia mchungaji, mchungaji analirudisha mezani, linanadiwa tena, mpaka linaangukia kwa mjane ambaye tangu mwanzo wote walijua litafika kwake. Hakuna aliyemwambia kwamba amesaidiwa. Alilichukua kichwani akaenda zake, na wiki iliyofuata naye alileta mboga za lenga-lenga.

Akina mama wao walikuwa na kirimba chao. Kila mmoja alitoa kidogo alichopata kwa kuuza mandazi, makala ya kupikia au vitenge, na kila mwezi mmoja alipokea fungu lote. Mwenyekiti wao alikuwa mama mfupi, mweusi tii, mwenye mwanya, muuza sambaza pale Kadutu. Mikono yake ilinukia samaki hata aliposhika ushirika, naye hakuona haya, na sisi pia hatukuona. Ndiye aliyewaambia wenzake kwamba kila msiba wanaazima vyombo kwa majirani na kuvirudisha na aibu, basi zamu moja ya kirimba isimwendee mtu, iende sokoni. Hivyo ndivyo ilivyonunuliwa sufuria. Alinipa zile dola 22 zimekunjwa ndani ya kikwembe, noti chakavu zenye harufu ya dagaa, nami nikazihesabu mara tatu mbele yao.

Mwaka uliofuata, Julai 1994, kiangazi kikiwa kikali na vumbi jekundu limefunika migomba, Wanyarwanda walianza kuvuka Ruzizi. Umesoma habari hizo shuleni, sitakurudishia yote. Redio ilikuwa imetueleza tangu Aprili mauaji yaliyotendeka ng'ambo, na miili tulikuwa tumeiona ikielea ziwani, na kwa wiki kadhaa watu walikataa kula sambaza. Wanajeshi wa Kifaransa walipoondoka upande wa Cyangugu mwezi wa Agosti, wimbi la pili lilikuja zito kuliko la kwanza. Walilala barabarani, walilala uwanja wa Collège Alfajiri, walilala chini ya kila mti, kisha miti yenyewe ikakatwa kwa kuni. Mji ulinuka moshi wa mkaratusi mbichi na choo. Bei ya makala ilipanda kati ya asubuhi na jioni. Wenye magari waliuza magari kwa bei ya baiskeli.

Usiku mmoja walifika kwenye ua wetu, labda watu mia na hamsini, wakiongozwa na katekista mmoja aliyekuwa akija zamani na chorali ya Cyangugu. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama, ameinamisha bega moja. Alikuwa na Kitabu cha Sala cha Kinyarwanda kwapani na mtoto asiye wake mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa stoo. Ndani mlikuwa na magunia sita ya maharagwe ya sadaka ya mavuno, tuliyoyaweka tuyauze tununue bati, kwa kuwa upande wa madhabahu ulikuwa unavuja. Nakwambia nilivyokuwa, nisijipambe: sikutaka kufungua. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba hatujui mikono hii imefanya nini. Kati ya watu hawa wamo waliokimbia kuuawa, na wamo waliokimbia kwa sababu waliua, na giza halitutenganishii. Nilisema kweli, na hata leo nasema ilikuwa kweli. Miezi iliyofuata tulijifunza kwamba makambini wauaji waliendelea kutawala wenzao. Wazee walinyamaza. Yule mama wa sambaza alikuwa ameshakoleza moto kwa mbao za benchi bovu. Alinijia, hakubishana nami hata neno, akanyosha kiganja. Nilimtazama, nikamtazama yule mtoto mgongoni mwa katekista, kichwa kimelala kando kama cha ndege, nikampa ufunguo.

Sufuria ile ilipika mara nne usiku ule, na maharagwe hayakuiva sawasawa, yalikuwa magumu, ila yaliliwa. Ilipika siku arobaini na moja. Najua kwa sababu niliandika. Magunia sita yaliisha wiki ya kwanza. Kisha bugali ya muhogo, kisha mahindi ya msaada yaliyoletwa kwa lori, ya njano, ambayo watu wetu hawakuyapenda. Kina mama walipika kwa zamu, wa Bukavu na wa Rwanda pamoja, na ukipita karibu ulisikia Kishi, Kinyarwanda na Kiswahili vikizozana juu ya chumvi. Si kila mtu wa parokia alifurahi. Familia mbili zilihama, na mtu mmoja wa familia hizo, ambaye ndugu zake waliuawa ng'ambo, aliniambia hawezi kupokea Meza ya Bwana karibu na mtu asiyemjua. Sikuwa na jibu. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Tuliamkiana miaka yote iliyofuata, lakini hakurudi.

Watoto walizaliwa uani pale, na wengine walikuja wadogo bila kubatizwa. Kabla hawajahamishiwa kambi ya Kashusha, mchungaji aliwabatiza siku moja, kumi na tisa kwa jumla, kwa maji ya ziwa yaliyochemshwa. Niliandika rejista mimi: jina la mtoto, la baba pale lilipojulikana, la mama, na la mama wa ubatizo, ambaye kwa watoto saba alikuwa yule yule mwenyekiti. Majina ya Kikristo niliyaandika kwa wino mweusi, wazi, bila penseli.

Oktoba 1996 vita ilitufikia, ikawa zamu yetu sisi kukimbia. Kwa siku kadhaa mizinga ilisikika upande wa Uvira, kisha upande wa daraja, na wanajeshi wa Mobutu wakaanza kuingia majumbani kuchukua redio na magodoro kabla ya kutoroka. Jioni moja tulikutana watu wanne sakristini. Tulitia ndani ya sufuria kikombe na sahani ya ushirika, rejista, na kitambaa cha madhabahu, tukafunika, tukaizungushia shitingi ya plastiki ya wakimbizi, tukaifukia nyuma ya choo, chini ya mgomba, mahali ambapo hakuna mwizi angependa kuchimba. Tarehe 29 Monsinyori Munzihirwa, askofu mkuu wa Wakatoliki, aliuawa pale Nyawera, mtu aliyekuwa amepaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili yetu sote, na mwili wake ukalala barabarani usiku kucha. Hakuwa wa kanisa letu. Tulimlilia kama baba wa mji, na mpaka sasa nikipita Nyawera navua kofia. Mimi na bibi yako tulikuwa tumekwenda kwa miguu mpaka Walungu, baba yako akiwa na miaka minne, akiomba chai njia nzima.

Tuliporudi, mwezi ulikuwa umepita. Kanisa lilikuwa limesimama bila milango. Bati zilikuwa zimeng'olewa upande ule ule uliokuwa ukivuja. Kinyozi alichimba kwa haraka mno, jembe likatoboa sufuria ubavuni karibu na kitako, na hicho ndicho kiraka ulichokiona, alikiziba fundi wa Kadutu kwa kipande cha bati la gari. Kikombe kilikuwa salama. Rejista ilikuwa imepigwa na maji. Kurasa za mwisho, zile za mwaka 1994, zilikuwa zimegandamana, na nilipozitenganisha kwa kisu, juani, upande mmoja wa maandishi ulibaki kwenye ukurasa wa pili kama vivuli. Majina ya watoto yalisomeka. Ya mama zao, karibu yote yalikuwa yamekwenda. Na watu wenyewe walikuwa wamekwenda. Kashusha ilikuwa imevunjwa, wakakimbilia msituni kuelekea Walikale na Tingi-Tingi, na unajua ni wangapi hawakutoka huko.

Nilikaa na kitabu kile miaka mingi. Kisha asubuhi moja ya mwaka 2013, nikiwa nimeshastaafu ualimu lakini rejista bado naitunza, alikuja msichana kutoka Bujumbura, mrembo, mwenye aibu, anataka kufunga ndoa na anaombwa cheti cha ubatizo. Kuhusu ubatizo wake alijua jina lake na jina la parokia, basi. Nilifungua ukurasa, nikamtafuta kwa kidole, nikamkuta, wa kumi na mbili. Mama wa ubatizo alisomeka: muuza sambaza wetu, aliyefariki mwaka 2005. Mahali pa jina la mama palikuwa na doa la rangi ya chai. Msichana aliinama, akatazama doa lile kwa muda mrefu, kisha akalitaja jina la mama yake taratibu, herufi kwa herufi, kwa namna watu wanavyolitaja jina wasilolisema kila siku. Sikuwa na wino mweusi. Niliandika kwa bluu.